Siku Iliyokosa Shahidi

Ukitoka stendi ya Migori ukielekea soko la nafaka, kulikuwa na kinu cha kusaga unga ambacho mngurumo wake ulisikika mpaka Tanzania, na wenye masikio mazuri waliusikia mpaka Uganda. Najua kwa sababu kinu hicho nilikiendesha mimi. Ukutani kwa nje, upande usiopigwa na mvua, palitundikwa ubao mweusi wa shule uliopasuka pembe moja. Mbele ya ubao huo, karibu kila asubuhi katika miaka ya tisini, alisimama mzee mmoja mrefu, mwenye koti la kijivu na chaki mfukoni. Sisi tulimwita Mzee wa Ubao. Ana jina lake, na watu wa kwao wanalijua. Mimi nitabaki na hili la kwetu.

Kazi yake ilikuwa kuipa kila siku habari zake. Juu kabisa aliweka tarehe, kwa herufi zilizonyooka kuliko barabara yoyote iliyowahi kujengwa upande wetu. Chini ya tarehe aliandika "Siku kama ya leo", na hapo ndipo ulipojifunza kwamba siku kama ya leo, zamani, kiboko alitoka ziwani akaingia soko la Sori, akala sukuma wiki yote ya mama mmoja, na mama yule akamfukuza kwa mwiko mpaka majini. Au kwamba siku kama ya leo taa ya umeme iliwaka mara ya kwanza katika mtaa wetu, ikazimika kabla watu hawajamaliza kuishangilia. Halafu ikafuata "Je, wajua?", kisha "Fumbo", ambalo jibu lake lilikuja kesho yake. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kidogo kana kwamba anaona haya, "Mimi nasema". Hapo palikuwa pake mwenyewe.

Nilimuuliza kwa nini aandike Kiswahili, ilhali wasomaji wengi ni Wajaluo, na mimi mwenye ukuta ni Mkuria wa Kegonga. Alisema Kiswahili ndiyo lugha pekee pale kinuni ambayo kila mtu alikuja nayo pamoja na makosa yake, kwa hiyo hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Yeye mwenyewe aliandika kama mtu aliyezaliwa Lamu, lakini akifungua mdomo "shikamoo" ilitoka "sikamoo", na hakuna mwanafunzi wake aliyethubutu kutabasamu.

Mimi ni mmoja wa wanafunzi hao. Masomo ya ngumbaru, ya sisi watu wazima tuliopitwa na shule, aliyafundisha jioni katika darasa la kwanza la shule ya msingi. Nilikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakinigonga kidevu, na nilipohitimu nilivaa tai wiki nzima nikiwa kinuni mpaka tai nyekundu ikawa nyeupe kwa unga. Kabla ya hapo nilijua kusoma mizani tu. Baada ya hapo hakuna karatasi iliyopita mbele yangu bila kusomwa, hata ile ya kufungia mandazi.

Na karatasi za kufungia ndizo zilizokuwa maktaba yake. Hakununua gazeti. Alinunua sukari robo robo kwenye maduka tofauti, ili kila robo ije na ukurasa wake, na mwenye duka mmoja aliniambia kwamba mzee huyu ndiye mteja pekee aliyewahi kurudisha sukari akidai afungiwe upya kwa ukurasa unaofuata. Alikuwa pia na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Lakini habari za "Siku kama ya leo" hakuzitoa redioni. Alizitoa kwa watu waliopanga foleni. Kila mama aliyeleta mahindi, kila mzee aliyekuja kungoja mkewe, aliulizwa anakumbuka nini, mwezi gani, kabla au baada ya mvua, nani mwingine alikuwepo.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa sheria yake. Hakuandika jambo mpaka lipate mashahidi wawili. Ungemletea habari tamu kama asali, angekusikiliza mpaka mwisho, angekushukuru, kisha angesema, "Mmoja amesema. Wa pili yuko wapi?" Mwenye bucha jirani yetu alimsumbua miaka akitaka iandikwe kwamba babu yake ndiye aliyemuua simba wa mwisho wa Nyatike. Mzee wa Ubao alikataa, akangoja. Siku moja ajuza mmoja alikuja kusaga mtama, akaulizwa kuhusu simba. Akasema ndiyo, simba alikuwepo, aliuawa na mbwa, na babu wa mwenye bucha alikuwa juu ya mti akiwahimiza mbwa. Kesho yake ubao uliandika yote mawili, simba na mti. Mwenye bucha hakumuuzia nyama mwezi mzima, naye mzee alikuwa hali nyama, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Siku aliyoandika kwamba pweza ana mioyo mitatu, kazi ilisimama. Hapakuwa na mtu pale aliyewahi kumwona pweza. Mama mmoja wa kwetu Kegonga, aliyekuja kusaga wimbi, alitaka kujua kama huyo pweza ni dume, maana akiwa dume basi hakuna ajabu, hata mumewe anayo mitatu na mmoja ameuacha Isebania. Mzee wa Ubao alimtazama kwa uso wa mtu anayepokea ushahidi, akasema ataliulizia. Nilicheka mpaka nikasahau kufunga mfuko, na unga wa mtu ukamwagika.

Mafumbo yake yaliwahi kuvunja urafiki. Liko moja nalikumbuka: mtu amevuka daraja la mto Migori mara moja tu leo, hakurudi, na jioni yuko nyumbani kwake. Vijana wa baiskeli walisema aliogelea. Mwenye bucha alisema ni mchawi. Makanga mmoja wa matatu alishikilia kwamba mtu huyo ana nyumba mbili, moja kila upande, na kwamba hilo si fumbo, ni maisha ya kawaida ya matajiri. Jibu lilipokuja kesho yake, kwamba mtu yule alikuwa amelala kwa shemeji yake usiku uliotangulia, watu wawili hawakusalimiana hadi Pasaka.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mzee wa vichekesho. Yeye mwenyewe nilimwona akicheka mara chache sana. Alikuwa Msabato wa kweli, na Jumamosi ubao ulishinda umeoshwa, mweusi tititi, hauna hata tarehe. Sisi Wakatoliki tulilalamika, kwamba Jumamosi nayo ni siku na ina haki ya habari zake. Alijibu kwamba siku hiyo Mungu hakufanya kazi, na yeye si bora kuliko Mungu. Lakini nilimwona zaidi ya mara moja, ametoka kanisani na Biblia kwapani, amepita upande wa pili wa barabara, anautazama ule ubao mtupu kama mtu anayetazama shamba lake siku ya mvua asiyoruhusiwa kulima.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Mtu huyu wa tarehe hakuwa na saa, na alichelewa kila mahali, hata harusi ya bintiye aliikuta watu wanaosha sufuria. Alizaliwa karibu kabisa na ziwa, upande wa Homa Bay, na aliogopa maji kiasi kwamba daraja alilivuka katikati, akitazama mbele, midomo ikitembea. Alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa makosa. Aliyerekebisha ubao wake kwa mate na kidole alifukuzwa kinuni, kinu changu mwenyewe, na mimi nikakubali. Hata kibao changu cha bei hakukiacha. Alikiosha akakiandika upya kwa sababu nilikuwa nimeandika "mahidi".

Na alikuwa na huruma ambayo hakuitangaza. Kulipokuwa na pilikapilika za vitambulisho, watu wengi walirudi kutoka ofisini na tarehe ya kuzaliwa ya kubandikwa, wote wamezaliwa siku ya mwaka mpya kama ndama wa zizi moja. Walikuja kwake. Kwa Mjaluo alianza na jina, kwa sababu jina tayari lina saa au hali ya hewa ndani yake. Kama wewe ni Okoth, kulikuwa na mvua. Kama ni Achieng', jua lilikuwa utosini. Kwa sisi Wakuria aliuliza rika la jando. Kisha njaa gani, nzige wa mwaka gani, na nani mwingine alizaliwa kipindi hicho. Alizunguka na maswali yake mpaka siku ikapatikana, au ikakaribia kupatikana. Namkumbuka mzee mmoja wa Kegonga, mwenye masikio yaliyotobolewa yakaning'inia mpaka karibu na mabega, aliyepewa siku yake ya kuzaliwa pale ubaoni. Akasimama mbele yake muda mrefu, hajui kusoma, akauliza, "Hiyo ni yangu peke yangu?" Akaambiwa ndiyo. Akarudi siku hiyo hiyo mwaka uliofuata, kwa miguu, kuiona tena.

Hivyo ndivyo ubao ulivyokuwa wa watu. Na miaka ile, wanaokumbuka wanajua, watu walizikwa kila mwisho wa juma. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Wengine waliuita chira, laana ya mwiko uliovunjwa, na wengine walisema marehemu aliumwa kichwa tu. Mzee wa Ubao hakuandika ugonjwa. Aliandika: siku kama ya leo tulimpoteza fulani, fundi wa viatu, aliyeimba vizuri. Mashahidi wa mambo hayo hawakukosekana. Familia zilikuja kabla ya siku yao, zikasema, "Mwalimu, usitusahau kesho," na kesho ilipofika walisimama pale na nguo safi, hata kama hawakuwa na mahindi ya kusaga. Kuna nyumba ambazo hazikuwa na saruji ya kaburi, lakini siku yao ubaoni walikuwa nayo.

Mwanawe wa pili, Odhiambo, alikuwa fundi wa mashine za boti. Aliishi Sori, ila kazi ilimpeleka kila mahali palipo na injini iliyogoma, mpaka Mfangano na visiwa vingine. Odhiambo huyu hakurithi chochote kwa babaye isipokuwa urefu. Alipenda maji, alipenda kucheka, na kila alipokuja Migori kununua vipuri alipitia kinuni kwanza. Angesoma ubao wote kimya kimya, aende kuinama chini ya "Mimi nasema" ya baba yake, na kuongeza yake. Siku moja mzee aliandika kwamba ameamka na magoti yanayotabiri mvua, lakini hayaamini kwa sababu jana yalimdanganya. Kijana akaongeza: "Na mimi nasema mzee anunue viatu vipya, magoti yapumzike." Mzee alikuja na kitambaa kuyafuta maneno hayo. Nilikuwa mlangoni na niliona. Alisimama na kitambaa mkononi mpaka mtu wa mwisho kwenye foleni alipomaliza kusoma, ndipo akafuta.

Ilikuwa mwaka wa ile mvua ya Elnino, madaraja yanachukuliwa, magugu yamejaa ziwani kama malisho. Odhiambo alitoka nyumbani kwa mama yake, kule Homa Bay, akisema anapita Sori kuchukua vyombo vya kazi na anavuka kwenda Mfangano kurekebisha injini, na kwamba siku ya nne atakuwa amerudi kula hapo kwa mama. Aliondoka Sori na wenzake wawili katika boti ya tajiri mmoja wa samaki. Boti ilionekana imepinduka kwenye magugu. Wenzake wawili walipatikana wamekufa maji, mmoja upande wetu na mwingine karibu na mpaka. Yeye hakupatikana. Hata siku boti ilipozama haikujulikana, kwa sababu hali ya hewa ilikuwa mbaya siku kadhaa mfululizo na hakuna aliyeiona.

Ndipo ukaja uvumi. Mtu mmoja alisema amemwona kijana mrefu, fundi, katika mji wa Musoma. Mwingine akasema kuna wavuvi wa Kenya wamewekwa ndani upande ule kwa kuvua bila kibali. Mambo hayo yalikuwa yakitokea, watu walipotea miezi na wakarudi wamekonda, wakiuliza nani ameoa mke wao. Mzee wa Ubao alivuka Sirare kwa basi na picha mfukoni. Alizunguka vituo vya polisi, hospitali, mialo ya kushushia samaki. Alirudi baada ya muda mrefu akiwa na koti lile lile. Nilimuuliza. Alisema, "Mmoja amesema," akachukua chaki.

Sasa kwa Wajaluo iko namna ya kumzika mtu ambaye maji hayakumrudisha. Kuna mti wanaouita yago, unaozaa matunda marefu, mazito, yanayoning'inia kwa kamba zake kama mihogo ya majitu. Huchukuliwa tunda moja, likavikwa nguo za marehemu, likalazwa kwenye jeneza na kuzikwa nyumbani kwao, na watu wakalia kama wanavyolia mtu. Baada ya hapo roho imepata mahali. Mke anakuwa mjane, si mtu wa kungoja. Wazee wa ukoo walimjia mara ya kwanza, akawaambia hawezi kuzika tunda na kuliita mwanawe, kanisa lake halimruhusu. Walimjia mara ya pili, akawaambia hakuna siku ya kuandika. Wakamwambia hawataki siku, wanataka ruhusa ya baba. Akanyamaza. Kijaluo, ingawa nilikulia Kegonga, nakisikia vya kutosha kujua kwamba kunyamaza kule hakukuwa ndiyo.

Kati ya wanaume waliotuzunguka wengi walisema kanisa ndilo lililomfunga. Mimi sikuamini. Nilimsikia mara moja, tukiwa wawili, mashine imezimwa nikibadilisha mkanda. Sikumuuliza kitu. Alisema tu, akitazama nje, "Nikiandika, nitakuwa nimemuua mimi."

Mwaka ukazunguka. Na hapo akafanya kosa ambalo, nadhani, mtu wa tarehe peke yake ndiye angelifanya. Maiti za wale wenzake wawili zilipatikana siku zinazojulikana na mashahidi walikuwa wengi, hata polisi. Familia zao zilikuwa zimemwomba. Kwa hiyo siku ilipofika aliandika, kwa herufi zake zilizonyooka: siku kama ya leo ziwa lilimrudisha fulani, kijana wa Sori. Baada ya siku mbili akamwandika wa pili. Foleni nzima ilisoma, na foleni nzima ikatafuta wa tatu. Mimi niliwasha mashine mapema kuliko kawaida.

Habari za mji wetu zilifika Homa Bay haraka kuliko barua. Siku ya soko iliyofuata, foleni ikiwa imefika barabarani, mke wa Mzee wa Ubao, mama yake Odhiambo, alishuka kwenye gari na kuja moja kwa moja kinuni. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuwa mama mfupi, mpana, mwenye leso kichwani na viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alisalimia kila mtu, mmoja mmoja, kama inavyopasa. Mimi aliniita "wuod minwa", mwana wa mama yetu, akaniomba nizime mashine kama haitaniharibia kazi. Nikazima. Wao wawili walisemezana Kijaluo. Naweka hapa nilivyoelewa, na wengi waliokuwepo wataniunga mkono.

Alimwambia, "Japuonj, andika." Yaani Mwalimu, hata nyumbani hakumwita vingine.

"Siku gani?"

"Siku niliyofunika chakula chake. Alisema atakuja kula. Hajawahi kusema atakuja asije. Nilifunika, nikalala, asubuhi nikafunua, nikajua."

"Mama, chakula si shahidi."

"Sijasema chakula. Nimesema mimi."

Mzee alijaribu kumweleza kwa sauti ndogo, ile ya darasani anapomrudishia mtu hesabu. Kwamba huenda yuko Musoma. Kwamba watu wamerudi baada ya muda mrefu kuliko huo. Kwamba yeye mwenyewe angependa siku ipatikane, lakini siku haipatikani kwa kutaka. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Wala hakuinua sauti. Alisema mke wa kijana ana umri mdogo, kila jioni anafagia njia ya mtu asiyekuja. Alisema wenzake wa kanisani hawajui wamsalimie vipi yeye mwenyewe, wampe pole au wasimpe. Kisha akageukia ubao, na akasema jambo ambalo mimi sijalisahau:

"Siku Odhiambo alipozaliwa ulikuwa Kegonga, unafundisha. Ulirudi ukakuta mtoto ana wiki. Ukaniuliza ni lini, nikakwambia, ukaandika. Hukuniuliza wa pili yuko wapi."

Kelele za soko ziliendelea. Mzee wa Ubao alitoa chaki mfukoni, akaigeuza geuza, akapandisha mkono mpaka karibu na ubao. Mkono ukakaa hapo. Halafu akaushusha, akairudisha chaki, akavua koti lake na kumfunika mkewe mabega, maana manyunyu yalikuwa yameanza. Wakaondoka pamoja kuelekea stendi. Mama wa Kegonga, yule wa pweza, ndiye aliyewafuata na viatu ambavyo mama alivisahau kwenye mizani.

Ubao ulibaki na maandishi ya siku hiyo. Mvua ya upepo iliyafuta upande mmoja, vumbi la unga likafunika upande mwingine. Watu walinishauri niendeleze, kwamba si nimesoma. Nilijaribu mara moja. Niliandika tarehe, nikasimama, na nilipogeuka foleni nzima ilikuwa inanitazama kwa huruma.

Miezi ilipita kabla ya ujumbe kuja, umeletwa na dereva wa lori la samaki. Ulisema tu kwamba Mwalimu anaomba jirani zake wa Migori waje nyumbani Alhamisi. Tulienda watu wachache, mimi, mwenye bucha, na mama wa Kegonga. Boma lao liko kwenye mteremko juu ya mji wa Homa Bay, na kutoka pale ziwa lote unaliona, kijani kwa magugu, hata hujui pa kuanzia kulichukia.

Mchungaji hakuja. Lakini wanawake wa kwaya ya kanisa walikuja, bila sare, kama majirani tu, wakakaa upande wa jikoni na kuimba kwa sauti ya chini. Jeneza lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia. Kabla halijafungwa niliona tunda limevikwa ovaroli la bluu lenye madoa ya grisi ambayo hayakutoka hata kwa kufuliwa. Mke wa kijana alilia kwanza taratibu, kisha kilio kikaja chote, na wanawake wakamzunguka. Nilijisikia kama mtu aliyesikia mlango uliokwama kwa muda mrefu ukifunguliwa. Mwenye bucha, ambaye katika maisha yangu yote nimemwona akichinja, alilia mpaka akakaa chini.

Mzee wa Ubao alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Alinishika mkono akauliza habari za kinu, nikamwambia kinaunguruma. Hakuuliza habari za ubao.

Baada ya udongo kurudishwa kililetwa kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe, cha kusimamisha kichwani mwa kaburi. Jina lilikuwa limeshaandikwa, na siku ya kuzaliwa. Chini yake palikuwa patupu. Aliletewa kikopo cha rangi nyeusi na brashi. Alipiga magoti kwenye udongo mpya, polepole, akamtazama mkewe. Mama akasema siku. Aliisema wazi, kwa watu wote, siku na mwezi na mwaka, bila kusita. Mzee hakuuliza kitu. Akaandika. Herufi zilipotoka zilikuwa zile zile.

Alipomaliza alisogea pembeni kidogo, na hapo ndipo nilipojua jambo ambalo sikuwa nalijua, kwamba mtu huyu aliyetufundisha wote kusoma, wachuuzi na makanga na wasagaji, alikuwa amemwacha mkewe nyumbani na shamba miaka yote hiyo, na mkewe hajui herufi. Mama aliinama karibu na mbao. Akamuuliza, "Jina lake ni lipi hapa?" Mzee akamwonyesha. "Na siku niliyosema?" Akamwonyesha. Mama akaweka kidole gumba juu yake, pale pale, akakikandamiza kama mtu anayeshika bega la mtoto aliyelala, akakaa hivyo kitambo. Rangi ilikuwa bado mbichi. Alipoinua mkono tarehe ilikuwa imevurugika katikati, na alama ya kidole chake iko pale, mistari yake yote inaonekana.

Mpwa wake mmoja aliwahi na kitambaa, akichovya kwenye mafuta ya taa, apasafishe paandikwe upya. Mzee alimshika mkono.

"Wacha," akasema. "Ametia sahihi."